Jiwe Lilisema Niko Safi

Na msiniambie tena ati alikataa juu ya kiburi. Hiyo nimeisikia sokoni, nimeisikia kwa mashine ya unga, na juzi nimeisikia ndani ya kinyozi yangu mwenyewe. Mtu amekaa kwa kiti yangu, nimeshika mashine karibu na sikio lake, na bado ananiambia, "Huyo mama yenu ni kiburi tu. Kama hakuna kitu anaficha, si angepiga jiwe kama wengine?"

Nilizima mashine. Nikamwachia kichwa nusu. Akaniuliza ataenda aje nyumbani akiwa hivyo, nikamwambia aende akaulize jiwe.

Sawa. Wacha nianze mahali inafaa, juu nikikasirika huwa naruka vitu.

Huyo mama ni Syokau. Ni dada ya baba yangu, kwa hivyo mimi namuita anti, na watu wengine wanamuita Mama Kimanzi. Anakaa hapa Kola, shamba lake liko kwa mteremko ile ya kushuka kwa mto, mwenye hajazoea akitembea huko anashika nyasi. Bwana yake alikufa kitambo. Kimanzi alienda kufanya kazi kwa kiwanda huko Mavoko, anapiga simu Jumapili. Kwa hivyo anti amebaki na mbuzi wanne, mbaazi, kunde, na mimi. Mimi ni Mumo. Niliwacha shule darasa la nane, nanyoa watu sokoni, na chakula nakula kwake.

Miaka kumi na moja yeye ndiye amekuwa akifagia kanisa letu na kukaa na funguo. Hakuna mtu anamlipa. Kila Jumamosi anapanda na ndoo ya maji, ananyunyiza chini ndiyo vumbi isiruke, anafagia, anapanguza benchi moja moja, anafunga. Ukimuuliza kwa nini anasema, "Kwani wewe nyumbani kwako unangoja nani afagie?"

Na si mtu wa kudanganywa rahisi. Kuna kijana mwingine alikuja na dawa ya kunguni kwa chupa, anasema ukinyunyiza mara moja kunguni inasahau njia ya kwako. Wamama wameshachukua chupa. Anti akamwambia, "Ngoja hapo." Akaenda kwa jirani akarudi na kunguni watatu kwa karatasi. "Sasa nyunyizia hawa." Yule kijana akasema dawa inafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Anti akafunika karatasi na sufuria. "Giza ndiyo hiyo." Walingoja nusu saa, wote wamechuchumaa kuzunguka sufuria. Akafunua, kunguni wanatembea tu, wako na afya. Kijana akakusanya chupa zake akaenda.

Hivyo ndivyo yuko. Haamini kitu juu imesemwa na sauti nzuri. Na hiyo tabia hata kanisani anaingia nayo. Mhubiri akisoma, yeye anafungua Biblia yake na kidole, pole pole, mpaka apate hiyo mstari. Watu wameshaimba wimbo ingine, yeye bado anasoma venye iliandikwa juu na venye iliandikwa chini.

Sasa Januari hii, Jumamosi ya kabla shule zifunguliwe, alipanda kufagia akapata bateri ya sola haiko. Ampli ya spika haiko. Dirisha ya nyuma iko wazi, mlango umefungwa vizuri, hakuna kitu imevunjwa. Akafunga mlango, akateremka mpaka kwa Mzee Mutinda, mwenye ni mzee wa kanisa wetu mkubwa, akamwambia. Mzee Mutinda akauliza swali moja peke yake.

"Funguo ni nani alikuwa nayo?"

"Ni mimi."

Akasema "Mmh." Hiyo "mmh" ndiyo ilizunguka Kola yote kabla ya jioni.

Jumapili iliyofuata hawakuita polisi. Hawakuenda kuuliza majirani wa kanisa walisikia nini. Mzee Mutinda alileta mtu. Anaitwa Mtumishi Erastus. Alikuwa amesaidia kanisa fulani huko upande wa Masii, ati mbuzi za watu zilipotea akazirudisha kwa maombi. Na nitasema ukweli, mimi nilikuwa nangoja mtu wa suti na kelele. Huyo hakuwa hivyo. Ni mtu mwembamba, sauti ndogo, viatu vya vumbi kama vyangu. Sadaka ikipitishwa alisema yake wapelekee wajane. Kuku alipewa, akaikataa. Tukasema, huyu sasa ni wa Mungu, hana njaa ya vitu. Baadaye nimekuja kuona kuna watu hawataki kuku. Wanataka uwaogope, na hiyo inawashibisha wiki mzima.

Akasema kwa hiyo sauti ndogo, "Sikuja kuchukua kitu kwenu. Nimekuja kuondoa kitu kati yenu." Akafungua mfuko, akatoa kitu imefungwa na kitambaa nyekundu, akaiweka kwa meza ya mbele. Ilikuwa jiwe, ukubwa kama kichwa ya mtoto, imepakwa mafuta. Akasema Yoshua alisimamisha jiwe mbele ya watu wa Mungu akasema jiwe limesikia maneno yote, litakuwa shahidi. Kwa hivyo na hili limesikia. Kila mtu mzima atakuja, atashika kijiti, atapiga jiwe mara saba, aseme: kama niliiba, ama kama kuna kitu najua na nimeficha, jiwe hili linikule mimi na nyumba yangu. Yeye atatushika kichwa aseme ameona nini. Na mwenye atadanganya, siku ishirini na moja hazitaisha kabla tumjue.

Wasee, nyinyi mmezaliwa Ukambani. Kijiti. Kitu kwa kitambaa. Mara saba. Linikule mimi na nyumba yangu. Hiyo ni kithitu, kile kiapo cha zamani chenye watu walikuwa wakiapa kama kesi imeshinda wazee, na mtu akikisikia tu anatetemeka. Mimi ni kijana, nilikuwa nimesikia hadithi tu, lakini wale wazee wenye miaka sabini walijua. Niliwaona. Waliangaliana. Mzee Mutinda alikuwa anaangalia sakafu. Halafu akasimama akawa wa kwanza kupiga.

Tukapanga laini. Wamama, wazee, vijana. Pa, pa, pa. Mtumishi anashika kichwa, anafunga macho, anasema, "Safi." Watu wanarudi kwa benchi wakicheka kama mtu ametoka kwa sindano.

Mimi nikafika. Na hapa ndiyo nilikuwa sitaki kufika hata kwa kuandika.

Hiyo wiki stima ilikuwa imepotea siku tatu. Kila mtoto wa Kola lazima anyolewe kabla ya shule, na mashine zangu mbili zimekufa kabisa. Alhamisi anti akiwa shambani nilichukua funguo kwa msumari nyuma ya mlango wa jikoni, nikaingia kanisani, nikachaji mashine kwa hiyo bateri. Kulikuwa na joto ya kuua mtu. Nikafungua dirisha ya nyuma. Mashine zikajaa, nikafunga mlango, nikarudisha funguo. Dirisha nikasahau. Sikuiba. Lakini mwenye aliiba alipita kwa dirisha yenye mimi nilifungua.

Kwa hivyo niko hapo mbele, nimeshika kijiti, watu wote wananiangalia mgongo. Nilikuwa naweza kusema. Nikapiga mara saba, haraka haraka kama mtu anaua nyoka, nikasema hakuna kitu najua, hata funguo sijawahi kuigusa. Mtumishi akanishika kichwa. Vidole vyake vilikuwa na baridi. Akangoja.

"Safi," akasema. "Huyu kijana ni safi sana."

Sana, aliongeza yeye mwenyewe.

Anti alikuwa nyuma yangu. Alifika kwa meza, akaangalia kijiti, hakuichukua.

"Mwanangu," akamwambia Mtumishi, "hii ni kithitu."

"Hapana, mama. Kithitu ni ya shetani. Hii ni ya Yesu."

"Tofauti ni gani?"

"Jina."

Mtu fulani huko nyuma akasema amina. Anti akageuka akamtafuta na macho, halafu akarudi kwa Mtumishi. "Mbuzi nikiiita ng'ombe, nitakamua ndoo ngapi?"

Kuna watoto walicheka kwa mlango. Mtumishi hakukasirika. "Mama, unaogopa nini?"

"Siogopi. Niulize kitu yoyote unataka, hapa mbele ya watu wote. Nikisema ndiyo itakuwa ndiyo, nikisema hapana ni hapana. Yesu alisema hivyo inatosha. Lakini jiwe sipigi."

"Jiwe ndilo linauliza, mama."

"Jiwe halina mdomo. Wewe uko nao. Uliza."

Hakuuliza. Mimi nilikuwa nimekauka kwa benchi, nasema moyoni usiulize, usiulize, na hakuuliza. Aligeukia watu, akafungua mikono kama mtu ameshindwa, akasema na hiyo sauti yake ya pole, "Mmeona."

Na watu wakaona. Watu sitini na kitu, wote wakaona kitu yenye haikuwa hapo.

Jumatatu Mzee Mutinda alikuja nyumbani na wazee wawili. Anti akatoa viti, wakakataa kukaa. "Ni ya muda tu, Mama Kimanzi," akasema, "mpaka mambo ipoe." Anti akaingia jikoni, akatoa funguo kwa msumari, akampatia. Mzee akangoja kidogo kama mtu anataka agombanishwe. Anti akamuuliza tu, "Jumamosi nani atafagia?" Mzee akaweka funguo mfukoni. Wakaenda.

Mimi sasa ndiyo nilianza kuumwa. Siku ya tatu jino. Siku ya tano kikohozi. Kikohozi ikinishika nahesabu: imebaki siku kumi na sita. Nilikata mteja juu ya sikio, akaniuliza kwani niko na shida gani, nikamtukana mama yake, na alikuwa hajakosea. Nilikuwa siwezi kukaa. Nafungua kinyozi, nafunga, naenda mpaka barabara kuu, narudi. Nikiona mbwa mweusi nafikiria ametumwa kwangu. Na kila jioni naenda kula kwa anti, ananiwekea muthokoi, ile mahindi imekobolewa ikachemshwa na maharagwe, ananiangalia nikila.

Wiki ya pili ilikuwa zamu yake ya mwethya. Hiyo ni kikundi ya wamama kumi na mbili wenye wanasaidiana kulima. Leo wote wako kwa shamba ya huyu, wiki ijayo kwa ya yule. Anti alikuwa amelima kwa kila mmoja wao. Alikuwa anataka achimbiwe fanya juu mpya, ile mtaro unachimba udongo ukirusha upande wa juu ndiyo mvua isibebe shamba, na mvua ya Machi haikuwa mbali. Aliamka akapika chai sufuria kubwa, akachemsha mihogo, akapanga vikombe kumi na viwili kwa meza.

Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu Kavutha, mwenye ni mkubwa wa hicho kikundi na ni rafiki ya anti tangu wasichana, alipita juu kwa barabara. Hakushuka.

"Mama Kimanzi, leo mgongo imekataa."

"Pole. Na wale wengine?"

"Hata wao."

"Migongo kumi na moja kwa siku moja," anti akasema. "Si muende hospitali pamoja."

Kavutha alitaka kucheka, nilimuona. Akafunga leso vizuri akaenda.

Anti akachukua jembe. Nikachukua ingine. Tulichimba mpaka jua ikawa juu, mimi nachimba na hasira, udongo inaruka kila mahali, yeye anachimba mwendo mmoja tu. Hapo ndiyo nilianza.

"Anti, si ungepiga tu? Hiyo jiwe pengine ni ya huko mtoni. Ungepiga mara saba ukarudi kukaa, na leo wamama wangekuwa hapa."

"Najua ni ya mtoni. Niliona na macho."

"Sasa?"

Akasimama, akaegemea jembe. Akaniambia hadithi ya baba yake, mwenye kwangu ni babu, na nilikuwa sijawahi kuisikia. Walikuwa na kesi ya mpaka na jirani. Babu akaitwa aape kithitu. Alikuwa na haki, mpaka ulikuwa wake kabisa, kwa hivyo akaapa bila kuogopa. Mwaka huo ukambi ukapita vijijini. Watoto wengi walikufa, kila upande. Kwa babu walikufa wawili. Na watu hawakusema ni ukambi. Walisema kithitu imemkula, alidanganya. Jirani akasongesha mpaka. Babu aliishi miaka ishirini na saba akiitwa mwongo kwa sababu ya watoto aliowazika.

"Hiyo kitu haitafuti mwongo, Mumo," akasema. "Inangoja tu mwenye shida itamfikia kwanza, halafu watu wanamwekea dhambi. Baba alienda kanisani akiwa mzee ndiyo atoke kwa hiyo woga. Sasa leo iniingilie kanisani, imevaa nguo ya Yesu, niikaribishe kiti?"

"Lakini yeye alisoma Yoshua."

"Yoshua alisimamisha jiwe watu wakumbuke. Hakusema ligeuke mahakama. Enda usome iliyo juu na iliyo chini." Akapangusa uso. "Mimi kitu ikija kwa jina ya Mungu naangalia inataka nifanye nini. Ikiniambia niogope kitu ya mkono wa mtu, na ikiniambia nisiulize, siitaki. Mungu nimemuuliza maswali mingi tangu baba ya Kimanzi akufe. Hajawahi kuniambia nyamaza."

"Uliomba kabla ukatae?"

"Niliomba kwa hiyo laini nikiwa nyuma yako."

"Ukasikia nini?"

"Hakuna. Nilisikia tu akili yenye alinipatia."

Tukachimba kidogo. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Funguo ulirudisha ikiangalia ukutani. Mimi huwa naiweka ikiangalia mlango."

Jembe ilinitoka mkononi. Naapa, hapana, siapi. Ilinitoka.

"Ulijua."

"Nilijua Alhamisi hiyo hiyo."

"Na hukusema."

"Hakuna mtu aliniuliza."

"Na wangekuuliza? Ungenitaja?"

"Ningekutaja."

"Aki, anti."

"Ulikuwa unataka nidanganye kanisa mzima juu yako? Wewe ni mtoto wangu, si Mungu wangu. Nimekungoja useme mwenyewe. Siku kumi na moja sasa nakupikia muthokoi nikingoja."

Nilikasirika. Ndiyo, mimi nilikasirika, mtu ananibeba siku kumi na moja na mimi ndiyo nakasirika. Nikamwacha na jembe, nikapanda juu mpaka barabara. Alimaliza hiyo siku peke yake. Na kesho yake, peke yake tena, akateleza kwa udongo mbichi, jembe ikamkata mguu juu ya vidole mpaka nyama ikaonekana. Akajifunga na leso, akatambaa mpaka nyumbani.

Alishonwa nyuzi sita hospitali. Kabla hata arudi Kola, ilikuwa imefika sokoni: jiwe limemshika. Siku ya kumi na mbili. Nilikuwa nimesimama kwa mlango wa kinyozi wakati mama mmoja wa nyanya alisema, na hakuwa anasema na ubaya, alikuwa anasema kama mtu anaogopa, "Kweli liko na nguvu. Na hakuapa hata. Sasa kama angeapa?"

Mimi niliapa. Mimi nilidanganya mbele ya jiwe mara saba, niko na miguu mbili, jino lilishapona lenyewe. Anti hakuligusa, na damu yake ndiyo wanafanya ushuhuda. Ndiyo nikaona ni ile ile ya babu. Sasa anti ndiye wanamwekea dhambi.

Jumapili ya siku ishirini na moja Mtumishi Erastus alirudi kufunga mambo. Kanisa ilijaa, kuna watu walitoka mpaka mjini Machakos. Anti alikuja akichechemea, akakaa kwa benchi yake, na hiyo benchi watu watano wanatoshea lakini alikaa peke yake. Mtumishi alisimama, jiwe kwa meza, akasema hatataja mtu jina, Mungu si wa kuaibisha watu. "Lakini wenye macho wameona nani anatembea vipi leo."

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Miguu ilisimama.

"Mtumishi, niko na swali."

Mzee Mutinda akasema, "Mumo, kaa chini."

"Nitakaa. Mtumishi, mimi nilipiga hilo jiwe. Nilisema funguo sijawahi kuigusa. Ilikuwa uongo. Nilichukua funguo, nikaingia hapa Alhamisi, nikachaji mashine zangu, nikafungua ile dirisha, nikasahau kuifunga. Anti hakuwa anajua mpaka nilirudisha."

Benchi zote zikageuka kuniangalia.

"Basi umejitaja," Mtumishi akasema. "Wewe ndiye."

"Mimi ndiye nilifungua dirisha. Mwizi sijui ni nani. Lakini wewe ulinishika kichwa ukasema safi. Ukasema safi sana. Sasa chagua: jiwe lilikosea, ama ni wewe ulikosea?"

"Jiwe halina haraka, kijana. Linakungoja."

"Ulisema siku ishirini na moja. Leo ndiyo hiyo."

"Kwa Mungu siku moja ni kama miaka elfu."

"Si ungetuambia ni miaka elfu, tungeenda nyumbani tukakula."

Hapo watu wakacheka. Si wote. Kavutha akasimama na leso mdomoni, akasema kama mtu anajiongelesha, "Kwa hivyo mimi nimekataa kulimia mwenzangu juu ya nini?" Akatoka kwa benchi yake, akatembea, akakaa kando ya anti. Hakusema pole. Alishika tu huo mguu wenye bandeji akauangalia.

Mtumishi alifunga jiwe lake na kitambaa. Hakukimbia, alifunga vizuri, akasema roho ya ubishi imeingia hapa, akatoka. Kuna watu walimfuata mpaka nje kumuomba awaombee. Hiyo pia niliona.

Sasa mnataka niwaambie tukaimba, wazee wakaomba msamaha. Hapana. Wazee walikaa wakanikataza kuimba kwaya miezi tatu, na hiyo nimekubali, nilistahili. Wamama walikuja wakamaliza fanya juu, wanane kati ya kumi na moja. Bateri mpaka leo hatujui iko wapi. Kuna watu wamekaa wakingoja mimi nikufe, mteja akininyooshea shingo anaangalia kama mkono unatetemeka. Na anti hajarudishiwa kazi yake. Wazee wanasema tusiharakishe, tungoje mpaka Pasaka. Kanisa inafagiwa na mtu mwenye hanyunyizi maji, tunaomba tukikohoa. Nilimuuliza kama anaumia. Akasema anaumia. Akasema baba yake alingoja miaka ishirini na saba, yeye hana hiyo miaka.

Na unajua kitu inaniudhi zaidi? Mpaka leo hii, tangu bateri ipotee, hakuna mzee hata mmoja amekaa chini mbele ya Syokau akamuuliza, "Nini ilifanyika?" Swali moja. Mwanamke alisimama mbele ya kanisa mzima akasema niulizeni, na watu wa Mungu wakaona ni rahisi kuamini jiwe.

Mtumishi Erastus bado anazunguka. Akija kwenu mtamjua, ana sauti nzuri na hataki kuku. Na kama si yeye na jiwe ni mwingine na mafuta, ama ndoto, ama ati aliona uso kwa maji. Na kuna mtu huko kwenu tayari amehukumiwa na hiyo kitu, mnajua ni nani, mnamzunguka mkikutana njiani.

Wacha kusoma hii. Enda kwake leo, ukae chini, umuulize na mdomo wako nini ilifanyika, na ungoje mpaka akujibu. Halafu Jumapili simama kanisani, useme venye alikuambia.